Tulimaliza chuo pamoja, tumefika arobaini tofauti

Mleta mada umeuliza kwa nini watu wa darasa moja, matokeo yanakaribiana, wakifika miaka 40 na kitu wameachana mbali kimaisha. Wengi hapo juu wamejibu uvivu na starehe. Mimi nakataa. Nilisoma biashara chuo Dar, 2005 hadi 2008, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kazi, na nilichokiona ni hiki: aliyeweza kusubiri baada ya chuo ndiye aliyetangulia.

Jamaa niliyekaa naye chumba kimoja, kwao Sinza, baba mhasibu. Alijitolea kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu mwaka mzima bila mshahara. Chakula cha kwao, nauli ya mzee, jioni anasomea CPA, mitihani ya bodi ya uhasibu. Tangazo la nafasi ile na mimi nililiona, na GPA yangu ilizidi yake. Lakini mama yuko Singida na wadogo zangu, mmoja ameingia shule ya kata. Ada ya kutwa wakati ule ilikuwa 20,000 kwa mwaka, ila michango, sare na madaftari vilizidi hiyo ada. Nikachukua kazi iliyolipa wiki ileile: karani wa stoo Kariakoo, bila mkataba, bila michango ya NSSF, mfuko wa pensheni.

Na kazi ya kwanza ndiyo inayoita ya pili. Kila nilikoomba uhasibu waliona mtu wa stoo. Nilipoingia ofisini nilikuwa nimevuka 30, na makato ya kurudisha mkopo wa Bodi yakaanza, yakaja kupanda hadi asilimia 15 baada ya sheria kubadilishwa 2016. Mwenzangu alilipiwa ada na mzee wake, hakatwi kitu. Kiwanja chake Goba alikinunua bei ikiwa bado ya shamba. Amejenga na kuhamia zamani, ukuta wangu umeishia kwenye lenta. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Yeye ameshaivuka, mimi bado nahesabu.

Ila asili ya mtu siyo hukumu. Mwenzetu mwingine, mtoto wa mvuvi kutoka Ukerewe, alisomea ualimu. Enzi zile mwalimu akimaliza anapangiwa kituo moja kwa moja, mshahara na michango vinaanza mapema. Leo ni mkuu wa shule, kwao wamejengewa nyumba ya bati. Mlango ule ulimfaa kuliko semina zote za kuhamasishana. Sasa hivi mwalimu anaomba ajira akishindana na maelfu, na ndiyo maana inaniuma kuona vijana wanaambiwa tu wajitume.

Umesema mdogo wako anamaliza chuo mwaka huu. Kama ndugu mnaweza kuchangishana, mbebeni mwaka huo mmoja: chumba, chakula, nauli, na msimtumie bili za nyumbani. Kama haiwezekani, achukue kazi inayopatikana lakini adai mkataba na NSSF tangu mwezi wa kwanza, na mitihani ya bodi ya taaluma yake aianze mapema hata kwa somo moja moja.