Saa Saba ya Kikorea Siyo Saa Saba Yetu

Mwaka wangu wa kwanza Seoul, rafiki alinialika kula kuku wa kukaanga. Akaniambia tukutane "ohu ilgop si". Namba nilikuwa nimezikariri barabara: ilgop ni saba, na ohu ni baada ya adhuhuri. Basi, saa saba mchana! Nikafika na njaa yangu, nikasubiri, nikapiga simu. Kumbe nimetangulia kwa saa sita nzima. Mkorea husoma namba ile ile iliyoandikwa kwenye saa, kwa hiyo ilgop si ya ohu ni saa moja yetu ya jioni.

Vitabu havikukuonya hapo. Vinakutisha na jambo jingine, kwamba Kikorea kina hesabu mbili: saa huhesabiwa kwa namba za Kikorea chenyewe, dakika kwa namba zenye asili ya Kichina. Mshale mfupi ukiwa kwenye 3 na dakika zikiwa 20, utasema "se si isip bun". Si ni saa, bun ni dakika. Lisikunyime usingizi hilo. Sisi wenyewe sita, saba na tisa tumezitoa kwa Waarabu, nane tukabaki na ya kwetu, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika.

Kinachohitaji mazoezi ni namba zinazokatwa mkia zikikaa mbele ya si. Hana (moja) inakuwa han, dul (mbili) inakuwa du, set (tatu) inakuwa se, net (nne) inakuwa ne. Kumi na moja na kumi na mbili nazo hufuata: yeolhan si, yeoldu si. Kuanzia tano hadi kumi hazibadiliki. Nusu ni ban, kwa hiyo 2:30 ni "du si ban". Usitafute robo, watu husema tu dakika kumi na tano, sibo bun. Kasoro ipo, nayo hukaa mwishoni: 2:55 ni "se si o bun jeon".

Halafu kuna mtego ambao Mswahili anauingia kwa miguu yake miwili. Sisi "saa mbili" ni wakati, na pia ni muda. Wao wametenganisha: du si ni wakati, du sigan ni muda wa saa mbili. Nimewahi kumwambia mwalimu kwamba nimesoma "du si", akaniangalia kama anayengoja niendelee.

Ushauri wangu: usipitie Kiswahili. Nilibadilisha saa ya simu ikawa ya Kikorea, na kila nikingoja treni nikawa naisoma kwa sauti ya chini. Ukianza kutafsiri tu, zile saa sita zinakuingia kichwani.

Ila zina faida moja, niliyoigundua baadaye sana. Korea iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili. Namba ninayoisikia huku ndiyo saa ya nyumbani kwa wakati huo huo: huku ikiwa yeol si (yeol ni kumi) usiku, Dar es Salaam ni saa kumi jioni. Nikitaka kumpigia mama sihesabu tena vidole. Na siku ile ya kuku, miadi ilipofika na rafiki yangu akatokea akicheka, kwa mama ilikuwa kweli saa saba mchana.