Wataalamu Wakiukataa Uvumbuzi Wako, Anza na Mita ya Umeme

Barua ya msomaji iliyofika wiki hii ni ndefu, lakini kiini chake ni hiki: ametengeneza hita ya maji inayotumia mipigo ya umeme kati ya elektrodi mbili, anasema zinaingia wati 200 na linatoka joto la wati 280, na wataalamu wawili aliowaandikia wamemjibu kwa kejeli. Anauliza awajibu vipi.

Asiwajibu kwanza. Katika kurasa zote alizotuma kuna mengi juu ya nadharia na mengi zaidi juu ya wivu wa wasomi, ila juu ya namna alivyopima umeme unaoingia kuna mstari mmoja tu: "kwa mita ya kawaida". Mtaalamu anayeijua kazi yake huanza na mstari huo, na akishausoma hana sababu ya kuendelea. Si wivu. Madai ya nishati ya ziada yamefia hapo mara nyingi kiasi kwamba msomaji mzoefu haoni haja ya kugeuza ukurasa.

Mita ya kawaida mbele ya mipigo haioni kile unachodhani inakiona. Chukua volti 300 na ampea 10 kwa milisekunde 1, kisha kimya kwa milisekunde 99. Nguvu halisi ni wati 3,000 kwa asilimia 1 ya muda, yaani wastani wa wati 30. Mita inayosoma wastani itakuonyesha volti 3 na ampea 0.1. Ukizidisha unapata wati 0.3, na hapo umejidanganya mara mia. Sasa badilisha kitu kimoja: volteji ibaki 300 muda wote, mkondo peke yake ndio uje kwa mipigo. Nguvu halisi bado ni wati 30, lakini mita ya RMS, ile ya bei kubwa inayokokotoa mzizi wa wastani wa miraba badala ya wastani wa kawaida, itasoma volti 300 na ampea 1, na hesabu yako itatoa wati 300. Kununua mita ya bei kubwa basi hakuondoi kosa, hulihamishia upande wa pili. Kinachotakiwa ni kuzidisha volti na ampea za papo hapo, nukta kwa nukta, ndipo uchukue wastani wa majibu.

Oskiloskopu ya dijitali, chombo kinachochora volti na mkondo kama grafu, inafanya hivyo, na ina mitego yake. Waya wa kupimia volti na ule wa kupimia mkondo hazifikishi ishara kwa wakati mmoja. Tofauti ya nanosekunde 20 inaonekana si kitu, ila kwenye masafa ya megahezi 1 ni nyuzi 7.2 za mzunguko. Kama saketi yako ina koili kubwa na mkondo unachelewa nyuma ya volteji kwa nyuzi 85, kosini yake, ambayo huzidishwa na volti na ampea kupata nguvu halisi, ni 0.087. Ongeza zile nyuzi 7.2 za makosa, kosini inakuwa hasi. Oskiloskopu itakuambia kuwa kifaa chako kinarudisha umeme kwenye soketi, na wapo watu waliotangaza ugunduzi kwa sababu ya grafu ya namna hiyo. Dawa yake: peleka mpigo mmoja kwenye rezista tupu isiyo na koili, tazama kama mistari miwili inapanda pamoja, rekebisha mpaka ipande pamoja, na urudie kila unapobadilisha waya.

Mtego wa pili ni klipu ya ethi, yaani ile inayounganisha oskiloskopu na waya wa ardhini. Ikishikwa mahali pasipofaa, sehemu ya mkondo hupita humo na kuikwepa rezista uliyoweka ya kupimia. Kifaa kinakula, mita haioni. Weka kipimo cha mkondo kwenye waya zote zinazoingia, ethi ikiwemo, na hakikisha zikijumlishwa zinatoa sifuri.

Asiyetaka kuhangaika na yote hayo apime mbali na fujo. Lisha kifaa kwa umeme wa DC, weka koili na kapasita kubwa katikati, kisha pima upande wa chanzo ambako mkondo umetulia. Au weka mita ya umeme kati ya soketi na kila kitu, pawasaplai, feni na pampu vikiwemo. Hasara zote zitahesabiwa dhidi yako, na ndivyo inavyotakiwa: ziada inayosalia baada ya hapo ni vigumu kuipuuza.

Tuje kwenye joto linalotoka. Tuseme maji yanapita nusu lita kwa dakika, karibu gramu 8.3 kwa sekunde. Kila gramu huhitaji jouli 4.18 kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo kila nyuzi ya tofauti kati ya maji yanayoingia na yanayotoka ni takriban wati 35. Wati 200 zingepandisha maji nyuzi 5.7, wati 280 nyuzi 8. Uvumbuzi wote wa msomaji wetu ni nyuzi 2.3. Thamokapo ya aina ya K, kile kipimajoto cha waya mbili za metali kinachouzwa kila mahali, inaruhusiwa kukosea kwa nyuzi 2.2 ikiwa mpya kabisa dukani. Mbili zikikosea kwa kupishana, moja ikisoma juu na nyingine chini, uvumbuzi umekwisha kuelezwa bila elektrodi kuguswa.

Kwa kazi hii tumia vipimajoto vya platinamu, PT100 daraja A, ambavyo kwenye joto la maji ya kawaida hukosea kwa takriban nyuzi 0.2 tu. Vitumbukize vyote viwili kwenye ndoo moja ya maji, koroga kwa nusu saa, andika tofauti yao. Katikati ya jaribio vibadilishane nafasi: cha upande wa kuingilia kiende upande wa kutokea, na cha kutokea kije upande wa kuingilia. Ziada ikihama pamoja na kipimajoto, unajua mwenyewe imetoka wapi. Ncha ikae katikati ya maji yanayokwenda, baada ya mpindo unaoyachanganya, isiguse ukuta wa bomba wala kusogelea kasha la moto. Na mtiririko usiuamini kwa mita ya panga, ile yenye feni ndogo inayozungushwa na maji, peke yake, kwani viputo huizungusha bure; kinga maji kwenye ndoo juu ya mizani, na saa mkononi.

Kuhusu mvuke, usitumie mvuke. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 ni kilojouli 335. Kuigeuza yote kuwa mvuke ni nyingine 2,257. Anayeona moshi ukitoka kwenye bomba na kuhesabu kuwa maji yote yamegeuka, ilhali mengi yanatoka kama matone ya moto, anaweza kujizidishia hadi mara saba na zaidi. Kipima unyevu hakisaidii hapo, maana hakiyaoni matone. Ongeza mtiririko mpaka maji yabaki maji. Kama ni lazima uchemshe, elekeza bomba ndani ya pipa la maji baridi lililo kwenye mizani, upime uzito ulioongezeka na nyuzi zilizopanda.

Sasa jambo ambalo wavumbuzi wengi hulikwepa, na ndilo linalowafumba midomo wapinzani kuliko hoja yoyote: kifaa bubu. Tengeneza cha pili kinachofanana na cha kwanza kwa umbo, uzito na mabomba, ila mahali pa elektrodi weka rezista ya kawaida, katika sehemu ile ile, kwa sababu joto likianzia mahali tofauti hupotea kwa njia tofauti. Kiendeshe kwa wati 50, 100, 150, 200, 250 na 300, kila hatua isubiri hadi nyuzi zitulie. Kalorimita nzuri, yaani mfumo wako wote wa kupimia joto, itakurudishia, kwa mfano, wati 97 kwa kila 100, na upungufu huo ufanane siku zote. Fanya hivyo kabla ya jaribio, katikati na baadaye. Kifaa bubu kikikuonyesha wati 280 kwa 200 zilizoingia, umeokoka aibu.

Historia ya EmDrive inafaa kusomwa kwa jicho hilo. Roger Shawyer alidai kuwa mawimbi ya maikrowevu yakifungiwa kwenye kopo lenye umbo la koni huleta msukumo bila kurusha kitu nyuma. Mwaka 2016 kikundi kimoja cha NASA kilichapisha kipimo cha milinewtoni 1.2 kwa kilowati, ndani ya ombwe. Mwanga mtupu ukirushwa nyuma hutoa mikronewtoni 3.3 hivi kwa kilowati. Timu ya Martin Tajmar wa Dresden haikuanza na mabishano ya nadharia. Iliweka kipunguzi ili nguvu karibu yote isifike ndani ya kopo, na msukumo ukabaki pale pale. Yaani hata kopo likiwa bubu mizani bado inasogea, na waya zenye mkondo ndani ya usumaku wa dunia zikawa washukiwa wakuu. Kufikia 2021 walikuwa wameonyesha pia kwamba joto lilikuwa likitanua vishikizo na kuisukuma mizani. LK-99 ya Korea Kusini, kitu kilichodaiwa mwaka 2023 kupitisha umeme bila ukinzani wowote kwenye joto la kawaida, ilikwenda kwa njia hiyo hiyo: ukinzani ulishuka ghafla karibu na nyuzi 104, na wengine wakaupima uchafu uliokuwemo, salfaidi ya shaba, peke yake, wakaona ushukaji ule ule. Kama kuna kitu cha pili ndani ya sampuli yako, kipime hicho kwanza.

Halafu kuna muda. Kifaa kinachotoa ziada ya wati 80 kwa saa tatu hakijathibitisha kitu, kwa sababu kilo moja hivi ya betri ya lithiamu inaweza kufanya hivyo. Kilo moja ya petroli ina takriban megajouli 44, na kwa wati 80 hizo ni zaidi ya siku sita. Pima uzito wa kila kitu kilichofungwa ndani, kisha endesha kifaa bila kufunguliwa mpaka ziada ipite mara kadhaa kile ambacho uzito huo ungeweza kuhifadhi kwa njia ya kemia. Elektrodi zikipungua uzito, andika. Metali inayoungua ni kuni.

Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo usiwe wewe unayejua kipi kimewashwa. Mtu mwingine arushe sarafu na kuchagua kifaa hai au bubu, wewe usome namba tu na utoe hukumu. Ukipatia mara kumi kati ya kumi, uwezekano wa kubahatisha ni 1 kwa 1,024. Mwaka 1904 Robert Wood alitembelea maabara ya René Blondlot nchini Ufaransa kuona miale ya N, ambayo Blondlot alidai kuigundua, na gizani akauondoa mche wa alumini ambao ndio ulipaswa kuitawanya miale hiyo. Waliokuwa wakisoma vipimo waliendelea kuiona. Walikuwa watu waaminifu, na uaminifu wao haukuwasaidia.

Sasa hao wataalamu. Pingamizi zao zitenge. Zile za cheo, kwamba huna shahada au unatoka wapi, zitupe, hata kama zinauma. Zile za vipimo zifanyie kazi moja moja kwa maandishi. Zile za nadharia, "hili haliwezekani", wavumbuzi huzichukia kuliko zote, na hilo ni kosa, kwa maana ndani yake kuna jaribio la bure. Tarehe 23 Machi 1989 Martin Fleischmann na Stanley Pons walipoitisha waandishi wa habari huko Utah na kutangaza muunganiko wa nyuklia ndani ya chupa, wanafizikia walipiga hesabu rahisi: wati moja ya joto kutokana na muunganiko wa kawaida wa deuteri, yaani hidrojeni nzito, ingeambatana na nutroni kama trilioni moja kila sekunde. Watu waliosimama karibu na chupa walikuwa wazima. Swali la pili lilikuwa la kawaida kabisa: jaribio lile lile kwa maji ya kawaida badala ya maji mazito, yale yenye deuteri, liko wapi? Majibu ya maswali hayo yalitakiwa kuwa mezani kabla ya kamera kufika.

Na tafadhali, kabla ya kujifananisha na Dan Shechtman, kumbuka alivyoshinda. Mwaka 1982 aliona mpangilio wa atomi ambao vitabu vilisema haupo, akadharauliwa, na Linus Pauling mwenye Nobeli mbili akampinga waziwazi. Hakushinda kwa kulalamika. Mwaka 1987 wengine huko Ufaransa na Japani walikuza fuwele kubwa za kutosha kupimwa kwa eksirei, na mpangilio ukaonekana ule ule. Nobeli ilikuja 2011.

Ikiwa unaogopa kuibiwa, peleka ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwanza. Katika nchi nyingi ukionyesha hadharani kabla ya kuomba, umepoteza haki hiyo. Ukiomba, Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 ya kipaumbele kwa nchi nyingine wanachama. Ila hataza si uthibitisho kwamba kitu kinafanya kazi, usiitumie hivyo kwenye barua zako. Ndani ya kifaa paweza kubaki siri hata siku ya jaribio: funga kasha kwa lakiri, mpinzani awe na mamlaka kamili juu ya waya zinazoingia, maji yanayotoka na hewa inayokizunguka. Wewe mvumbuzi ukiyakataa masharti hayo, anayelikwepa jaribio ni wewe.

Muafaka uandikwe na kutiwa saini kabla ya kuwasha: namba gani ni ushindi, namba gani ni kushindwa, majaribio mangapi, nani anashika data ghafi. Kisha kifaa kiende kwao bila wewe, pamoja na kile bubu, elektrodi za akiba na maelekezo yanayomtosha mtu asiyekujua. Ziada ikionekana kwako na kupotea kwao, usianze na visingizio vya hewa au mikono isiyo na uzoefu. Badilishaneni vyombo: mita zao zije kwako, zako ziende kwao, kifaa kibaki kila mmoja alipo. Ziada ikifuata mita, ni ya mita. Ikibaki kwako hata kwa mita zao, waite waje kupima waya wa ethi wa jengo lako. Ikijitokeza kwao hata kwa mita zao wenyewe, waachie wao waandike ripoti ya kwanza.