Kigoma hadi Dar kwa ndege: mbona wengine masaa mawili, wengine matatu?

SWALI: Habari za kazi wahariri, mi nipo Mwanga hapa Kigoma, nataka nimpeleke mama Dar kliniki maana treni hawezi tena, mgongo unamsumbua sana. Jirani anasema ndege ni masaa mawili tu, ila tiketi niliyoonyeshwa ni karibu masaa matatu, kwani angani kuna njia mbili? Na umbali hasa ni upi, mmoja kanambia kilomita 1,080 mwingine 1,250?

JIBU: Mpe mama pole sana, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipa.

Wote wawili wamekwambia kweli. Hiyo 1,250 hivi ni ya reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, na reli inazunguka, inafuata mabonde na stesheni. Ndege inakata moja kwa moja, kwa hiyo kutoka uwanja wa Kigoma mpaka wa Julius Nyerere ni kama kilomita 1,080.

Sasa masaa. Pangaboi kama ile Q400 ya Air Tanzania ikishakaa sawa angani inakwenda kilomita 600 na kitu kwa saa, ukigawanya unapata chini kidogo ya masaa mawili, ila bado kuna kutembea uwanjani, kupaa, kupunguza mwendo na kusubiri zamu ya kutua Dar, na muda wa kwenye tiketi unahesabu toka ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inapoegesha tena, sio wa hewani peke yake. Ndo unapata masaa mawili ya jirani. Ikiwa jeti muda unapungua.

Yako, hiyo ya karibu masaa matatu, naona inapitia Tabora. Watu wengi wanadhani hapo ndege imezunguka, wala! Tabora ipo karibu kabisa kwenye mstari wa Kigoma na Dar: kilomita 350 hivi mpaka Tabora, halafu 730 hivi mpaka Dar, jumla karibu ile ile. Kinachokula muda ni kushuka, abiria watoke wengine waingie, mizigo, kisha kupaa upya. Kwa hiyo usiulize kilomita, uliza "inatua wapi njiani?", na kwa mgonjwa wa mgongo mi ningechukua ya moja kwa moja hata kama siku yake inachelewa kidogo, kutua mara mbili kunamtikisa mzee bure.

Pia angalia saa za tiketi, zimeandikwa kizungu. 07:00 ni saa moja asubuhi na 14:20 ni saa nane na dakika ishirini mchana, kuna watu wanaachwa na ndege kwa hili tu jamani. Uwanjani fikeni mapema, kama masaa mawili kabla.

Wakati wa kukata tiketi waambie kabisa mama anahitaji kiti cha magurudumu, msisubiri mpaka siku ya safari, na muombe siti ya pembeni mwa njia ili anyooshe miguu. Kliniki muiweke kesho yake, foleni ya kutoka uwanjani kuingia mjini nayo ni safari nyingine. Na kabla ya kupanda, dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi.