Kwa nini dada anaonekana kama amebandikwa kwenye magofu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilipiga picha magofu ya Tongoni, huku kwetu Tanga, nikataka kuyageuza yawe mji wa kwenye ngano: usiku, ukungu, mwezi mkubwa nyuma ya nguzo ya kaburi, na dada yangu amesimama mbele na kandili. Magofu niliyapiga saa saba mchana, dada nikampiga sebuleni karibu na dirisha, mwezi niliupakua. Natumia GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha. Nywele na kanga nimezikata upya mpaka nimechoka, bado anaonekana kabandikwa. Ukungu nao umekuwa kama moshi wa jalalani. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kukata unajua. Nimeikuza picha uliyoambatisha na pindo la kanga ni safi kabisa, kwa hiyo acha kuhangaika na nywele. Kinachokuangusha ni mwanga. Kuta zimepigwa na jua la utosini, uso wa dada umepata dirisha la upande wa kushoto, mwezi uko nyuma na haumuliki kitu, na kandili lenyewe halijaangaza hata mkono ulioshika. Mtazamaji hatakueleza hayo, atasema tu "hii imeungwa".

Amua kwanza nani anamulika nini. Mwezi ukiwa nyuma ya nguzo, kila kinachotutazama kiko gizani: uso wa kuta, uso wa nguzo, kifua cha dada. Mwezi utachora mstari mwembamba tu kwenye mabega na juu ya kitambaa cha kichwa. Kinachobaki ni kazi ya kandili, na kandili haliendi mbali. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Kama mkono na shavu vimeng'aa, ukuta ulio hatua tano nyuma hautakiwi kupata zaidi ya rangi hafifu ya machungwa.

Ndiyo maana nakushauri dada umpige upya. Kugeuza mwanga wa dirisha uwe mwanga wa kandili kunawezekana, ila utakesha na matokeo hayatakupendeza. Subiri usiku, zima taa, tia balbu ndogo ya betri ndani ya kandili lenyewe, alishike usawa wa kiuno. Mtu mwingine asimame nyuma yake na tochi ya simu, aielekeze mabegani. Rangi ya tochi isikusumbue, utaipoza baadaye.

Kuhusu magofu, picha ya saa saba haifai. Mawe ya matumbawe yana vishimo vingi, na jua la utosini linatia kivuli kikali chini ya kila kimoja, kivuli ambacho hakuna mwezi wa nyuma unaoweza kukitengeneza. Rudi siku ya mawingu. Au, na hili ndilo ningelifanya mimi, nenda jioni mwezi ukiwa wa kumi na nne. Unachomoza upande wa bahari takribani jua linapozama, na kwa muda mfupi mbingu inakuwa buluu iliyokolea huku mawe bado yakionekana. Ukipiga hapo umeelekea bahari, nusu ya kazi umeshaimaliza kabla ya kuwasha kompyuta.

Sasa weusi, maana hapa ndipo picha nyingi za aina hii zinapofia. Chukua kitone cha kunyonya rangi (Color Picker) ukiguse sehemu nyeusi kuliko zote ya dada, kisha ya ukuta, kisha ya miti ya nyuma kabisa. Kwenye picha yako zote tatu zinasoma karibu na 5, katika kipimo ambacho 0 ni giza totoro na 255 ni nyeupe. Penye ukungu haiwezekani. Hewa iliyo kati yetu na mti wa mbali inabeba mwanga, hivyo weusi wa mbali hufifia na kuwa kijivu. Mimi ningeacha dada kwenye 10, ukuta kwenye 30, miti kwenye 55 au 60. Fungua Curves, kifaa chenye mstari wa kurekebisha mwangaza, kwa kila leya (tabaka la picha, kama la dada au la ukuta), ncha ya chini ya ule mstari ipandishe, na kwa leya za mbali ncha ya juu ishushe kidogo, kwa sababu ukungu hula weusi na weupe pamoja. Katika GIMP 2.10 badiliko hilo linaingia moja kwa moja kwenye leya, kwa hiyo nakili leya kwanza. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, linakuruhusu kurudi kulirekebisha wakati wowote. Lipakue, ni la bure.

Wakati wa kazi hii rangi hudanganya. Weka juu ya leya zote leya moja nyeusi, hali yake ya kuchanganyika na zilizo chini (Mode) iwe LCh Color, na picha nzima itageuka ya kijivu. Hapo utamwona dada anavyochomoza kuliko anavyostahili. Rekebisha mpaka akae, kisha izime.

Ukifanya hivyo, ukungu utakuwa umeshaingia wenyewe bila brashi. Utakaoongeza usiwe mweupe. Chukua rangi yake kwenye mbingu ya picha hiyohiyo, upake kwa brashi kubwa laini kati ya leya na leya, si juu ya kila kitu, na karibu na kandili uupe rangi ya moto.

Mwezi mkubwa siupingi, hiyo ni ngano yako. Ila ujue kwamba kwa kamera kuu ya simu, kwenye picha yenye upana wa pikseli 4,000, mwezi halisi unachukua kama pikseli 30 tu. Ukiukuza mara ishirini, angalau mawingu yapite mbele yake. Wako uko mbele ya mawingu!

Rangi iachie mwisho. Gizani macho yetu hupoteza nyekundu mapema kuliko buluu, hivyo kanga nyekundu ya dada iwe karibu nyeusi upande wa mwezi na iwake upande wa kandili tu. Kabla ya kumwaga buluu, punguza ukali wa rangi zote. Picha ya usiku iliyojaa buluu inafanana na tangazo la dawa ya meno.

Miguu: nakili majani machache kutoka mbele ya picha, uyapitishe juu ya vidole vyake, na chini ya nyayo tia kivuli kidogo, kwenye leya yenye hali ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, cheusi zaidi pale mguu unapogusa ardhi. Kivuli kirefu kikimbie kutoka kandili, si kutoka mwezini.

Mwishowe tandaza chembechembe za aina moja juu ya picha nzima. Zinaficha tofauti kati ya kamera zilizopiga picha hizi, na zinazuia mbingu isikatike mistarimistari ukiihifadhi kama JPEG. Kisha itume kwenye simu, mwangaza wa skrini uwe nusu, utoke nayo nje mchana. Kama uso wa dada hauonekani, ongeza kandili peke yake. Kuta ziache zilivyo.