Andika lile uliloulizwa dukani

Duka letu liko Biashara Street, hapa Mombasa, na tunauza leso, yaani kanga. Mimi huhudumia wateja mchana, na jioni huandika makala za blogu ya duka. Juzi mpwa wangu, anayefungua biashara ya viungo Marikiti, aliniuliza aanzie wapi kuandika. Nilimjibu kwa kirefu, na haya ndiyo niliyomwambia, kwa faida yako wewe pia unayeanza.

Makala yetu ya kwanza ilisema: karibuni wateja wote, tuna leso mpya za kila rangi kwa bei nafuu. Ya pili ilisema hayo hayo kwa maneno mengine, na ya tatu pia. Mwaka ukaisha bila mtu hata mmoja kupiga simu akasema ameyasoma. Nilivunjika moyo kwelikweli, kwa sababu nilikuwa nikiyaandika usiku nikiwa nimechoka. Sasa naelewa kwa nini. Hakuna anayeshika simu yake usiku akatafuta makaribisho ya duka. Watu hutafuta jibu la jambo linalowatatiza.

Mambo yaligeuka siku mama mmoja aliponipigia kutoka Nakuru. Binti yake alikuwa anaolewa na watu wa pwani, na akaambiwa atafute kisutu. Hakujua kisutu ni nini, na aliona haya kuwauliza wakwe. Nikamweleza: ni leso ya zamani ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mara nyingi haina jina, yaani yale maandishi yanayokaa juu ya pindo la chini. Nikamweleza bibi harusi huivaaje, na kwamba leso huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, kisha mwenyewe akazikata na kuzipinda. Tulizungumza karibu nusu saa. Usiku ule nikaketi nikaandika yote niliyomwambia, kwa mpangilio ule ule wa maswali yake. Makala hiyo inatuletea wateja mpaka leo.

Kwa hiyo weka daftari kwenye kaunta. Kila mteja akiuliza kitu, kiandike kwa maneno yake mwenyewe, usiyanyooshe. Wetu huuliza: mbona leso mpya ni ngumu kama karatasi? Jibu ni dondo la kiwandani, yaani wanga wa kukazia kitambaa, nalo hutoka ukiifua. Je, itachuja rangi? Huenda, basi mara ya kwanza ifue peke yake kwa maji baridi. Nitajuaje kwamba ni pamba tupu? Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome: wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, wa polyester huyeyuka ukawa kitone kigumu. Kila swali hapo ni makala moja. Mpwa wangu ataulizwa namna ya kutambua zafarani ya bandia, au kwa nini iliki ya kusaga hupoteza harufu upesi kuliko ya maganda. Aandike hayo. Asiandike kwamba viungo vyake ni bora.

Jambo la maneno nalisisitiza zaidi, maana wengi hulipita. Kitu tunachokiita leso hapa Mombasa, Dar es Salaam hukiita kanga, na kwao leso ni kitambaa cha mkononi. Wageni wanaoandika kwa Kiingereza mara nyingi huongeza h, khanga. Kwa muda mrefu sisi tuliandika leso tu, na mtu wa Tanga au wa London akitafuta kwa neno lake hakutuona. Sasa majina yote matatu yamo ndani ya makala, mahali panapostahili, bila kuyarundika. Kuna chombo cha bure cha Google kiitwacho Search Console: ukishathibitisha kwamba tovuti ni yako, kinakuonyesha maneno ambayo watu waliandika mpaka ukurasa wako ukatokea, na wangapi waliufungua. Kitazame mara moja kwa mwezi. Maneno yenyewe yatakupa makala inayofuata.

Mpwa wangu aliuliza kama Facebook na WhatsApp hazitoshi. Tunazitumia, na zinasaidia. Lakini status ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na picha ya Facebook ya wiki iliyopita imeshafukiwa na za leo. Tena ukurasa ule si wako. Mwenye mtandao akibadilisha utaratibu, huna la kusema. Kuna leso imeandikwa Usisafirie nyota ya mwenzio, na mimi huikumbuka hapa. Weka maelezo kamili kwenye tovuti yako, kisha tuma kiungo huko kwenye mitandao. Mteja akiuliza tena kuhusu kisutu kwa WhatsApp, simchapii upya, namtumia makala.

Na iwe yako kweli. Tulimpa kijana atutengenezee tovuti, akasajili anwani ya tovuti, ile inayoishia na .co.ke, kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake. Alipohamia kazi nyingine, muda wa usajili ulikwisha, ukumbusho ukaenda kwake, na sisi tukagundua tovuti imezimika wakati mteja alipotuambia. Tulihangaika wiki nzima kuirudisha. Sajili kwa jina la biashara, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe, na andika tarehe ya kulipia tena ukutani. Programu yenyewe isikuumize kichwa. WordPress, iliyoanza 2003, ni ya bure, na gharama yako inabaki kwenye anwani na mahali pa kuiweka.

Picha ni jambo la pili linaloniuma. Tuliwahi kuweka picha ya bibi harusi aliyotutumia mteja kwa furaha, akiwa amevaa leso zetu. Ilipigwa kwenye sherehe ya wanawake peke yao. Hatukumuuliza mwenye sura. Alipoiona alilia, nasi tukaiondoa saa ile ile na kwenda kwao kuomba radhi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria, kwetu hapa heshima ya mtu inatangulia. Sasa tunapiga picha ya leso ikiwa imetandazwa, asubuhi, karibu na mlango, ili pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, vionekane. Jina la leso tunaliandika tena kwa herufi chini ya picha, kwa sababu wapo wanaotafuta kwa msemo wenyewe. Punguza pia uzito wa picha kabla ya kuipandisha. Mteja wako anatumia bando, na ukurasa ukichelewa kufunguka ataufunga.

Lugha, andika ile unayoizungumza na wateja. Sisi tunaandika Kiswahili, na makala chache tumeziandika upya kwa Kiingereza kwa ajili ya watalii wanaofika Fort Jesus na Mji wa Kale. Usibandike makala ya mtu mwingine, hata ukiibadilisha maneno mawili matatu. Bei ukiiweka, weka na tarehe yake.

Kisha subiri. Makala mpya kwa kawaida haionekani Google siku hiyo hiyo, na miezi ya mwanzo mara nyingi ni kimya. Ndiyo maana kalenda ni muhimu. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, harusi hupungua mwezi huo, kisha hurejea kuanzia mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mtu wa harusi huanza kutafuta leso mapema, nasi tukiandika wakati wa harusi tumechelewa. Kwa hiyo makala ya kisutu huifungua tena kila mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, nikaisoma kama mgeni, nikabadilisha picha zilizochakaa na bei zilizopanda, na kuongeza maswali mapya kutoka kwenye daftari. Safari hii kuna moja sikulifikiria kamwe: mama wa Eldoret ameuliza kama bwana harusi naye anaweza kununuliwa leso.