Simu badala ya kioo cha kukuzia: maswali yenu na majibu

Tarehe iliyogandamizwa kwenye karatasi ya vidonge, namba ndefu chini ya chaja, kibanzi kilichozama kidoleni. Kwa kazi hizi simu inatosha kabisa. Ila mengi ya maswali yaliyotufikia yana chanzo kimoja: msomaji anaishika simu kama anavyoshika kioo cha kukuzia, na simu haitaki kushikwa hivyo.

Nikisogeza simu karibu na maandishi ili nione vizuri, ndiyo kwanza yanakuwa ukungu. Kamera imekufa?

Haijafa. Kila kamera ina umbali ambao ukishuka chini yake haiwezi tena kuweka fokasi, yaani kuonyesha kitu bila ukungu. Kwa kamera kuu ya simu nyingi ni kama sm 10. Kwenye simu za bei ya juu umbali huo umekuwa ukiongezeka kadiri sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, zinavyokua: kamera kuu ya iPhone 13 Pro inahitaji sm 15, ya iPhone 14 Pro sm 20, ya iPhone 15 Pro sm 24. Ili kuona kitu cha karibu, lenzi lazima isogee mbele, mbali na sensa yake, na ndani ya simu nyembamba haina pa kusogea. Ndiyo maana simu mpya ya gharama wakati mwingine hushindwa na ya zamani katika kusoma kikaratasi cha dawa.

Kwanza futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu. Alama ya kidole huleta ukungu unaofanana kabisa na fokasi mbovu. Kisha shika simu shibiri moja juu ya karatasi, gusa maandishi kwenye skrini, subiri kidogo. Yakikaa sawa, shusha simu taratibu mpaka yaanze kufifia, halafu ipandishe sm 2. Hapo ndipo mahali pa simu yako, na mkono utapazoea baada ya siku chache. Sasa ndiyo uvute picha kwa vidole viwili, mara 3 au 4. Ukuzaji hutoka kwenye kuvuta, si kwenye kusogea.

Simu inakuza mara ngapi hasa? Kwenye skrini yangu inaandika 10x.

Hiyo 10 si hesabu ya kioo cha kukuzia. Inakueleza umevuta mara ngapi ukilinganisha na mtazamo wa kawaida wa kamera, na mtazamo huo wa kawaida kwa kweli hupunguza vitu.

Usituamini, chukua rula. Ilaze mezani, shika simu sm 10 juu yake, kamera ikitazama meza na rula ikifuata upande mfupi wa skrini, bila kuvuta chochote, kisha hesabu ni milimita ngapi zinaingia kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine kwa upana. Kwa kamera kuu ya kawaida utaona karibu 100. Skrini yenyewe ina upana wa kama mm 70. Gawa 70 kwa 100: umepata 0.7, yaani kitu kinaonekana kidogo kuliko kilivyo! Vuta mara 4 na rula itaonyesha kama mm 25. 70 kwa 25 ni 2.8. Huo ndio ukuzaji halisi, na unalingana na kioo cha kawaida cha mkononi. Simu inayolazimika kukaa sm 20 hewani itahitaji kuvuta mara 8 ili ifike hapo hapo.

Tofauti ni kwamba kioo hakina pikseli, vile vitone vidogo vinavyounda picha. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli kama 3,000 kwa upande mfupi, kwa hiyo katika mfano wetu wa sm 10 kila milimita ya karatasi inapata pikseli 30. Herufi ndogo kwenye maandishi ya pointi 6 zina kimo cha takriban mm 1, na pikseli 30 zinatosha kuzisoma bila shida. Ukiendelea kuvuta hadi 10 hupati pikseli mpya, unazitanua zile zile. Baada ya 4 au 5, kwa simu nyingi, ni kupakaza tu.

Kuna njia tunayoipenda zaidi kuliko kuvuta: piga picha bila kuvuta, ifungue, kisha ikuze kwa vidole. Picha iliyopigwa huwa na undani kuliko ile inayopita mubashara kwenye skrini, na unaisoma ukiwa umekaa, si umeinama.

Simu yangu haina programu ya kukuza. Nipakue ipi?

Pengine hakuna. Kamera ya kawaida, tochi na vidole viwili hufanya karibu kila kitu ambacho programu hizo zinaahidi. Nyingi za bure hujaa matangazo yanayofunika nusu ya skrini, jambo la kuchekesha kwa programu ya mtu asiyeona vizuri. Ukipakua, iruhusu kamera peke yake. Ikiomba anwani za watu wako au mahali ulipo, ifute.

Wenye iPhone wanayo tayari: Magnifier imekuwemo tangu iOS 10, mfumo wa iPhone wa mwaka 2016. Ina kitelezi cha kuvuta, tochi, vichujio vya rangi, na kitufe cha kugandisha picha bila kuihifadhi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Accessibility, shuka chini kabisa hadi Accessibility Shortcut na uchague Magnifier. Kuanzia hapo unabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu inafunguka. Zenye kitufe cha mwanzo chini ya skrini, bonyeza hicho mara tatu. Google nayo ina Magnifier yake kwa simu za Pixel 5 na zilizofuata.

Angalizo kwa wa Android: ukiingia kwenye zana za ufikivu utakuta kitu kinaitwa Ukuzaji. Hicho hukuza vilivyomo ndani ya skrini, kama ujumbe au ramani. Hakigusi kamera.

Na kama unapiga picha za kadi ya benki au karatasi za hospitali ili uzisome tu, kumbuka simu nyingi hupeleka kila picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Zifute, na kwenye kapu la zilizofutwa pia.

Nikiwasha tochi, karatasi ya vidonge inang'aa tu, maandishi yanapotea.

Tochi ya simu iko sentimita moja au mbili kutoka kwenye lenzi. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye kitu kinachong'aa na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Kwa karatasi ya kawaida hakuna neno, kwa plastiki na foili ni balaa.

Jaribu kwanza kuinamisha kitu, si simu. Nyuzi 15 hadi 20 mara nyingi zinatosha kuutupa mwanga pembeni. Ukishindwa, funika tochi kwa tabaka moja la tishu, mwanga utalainika. Usiiache hivyo muda mrefu kwa sababu taa ile hupata joto.

Tarehe zilizogandamizwa bila wino zinahitaji kinyume cha hayo yote. Hapa kinachosomwa ni kivuli. Zima tochi ya simu, kaa karibu na dirisha au chukua tochi nyingine, ilaze karibu kabisa na meza ili mwanga upite juu ya foili kwa mshazari, kama jua la jioni. Zungusha kipande polepole. Kuna pembe moja ambapo tarakimu zinajitokeza ghafla kama zimeandikwa kwa kalamu, na ukipita kidogo zinatoweka. Zikijitokeza, piga picha hapo hapo.

Vitu vyeusi juu ya weusi, kama namba za tairi, pakaza chaki kisha futa juu juu kwa kidole. Chaki hubaki kwenye kingo za herufi. Tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022.

Mikono yangu inatetemeka, na picha iliyovutwa inatetemeka zaidi.

Bila shaka, maana ukikuza herufi mara 4 umekuza na mtetemo mara 4. Usishike simu hewani. Egemeza viwiko mezani au, bora zaidi, laza simu juu ya glasi ya kunywea iliyosimama, kamera ikichungulia nje ya ukingo, na karatasi iwe chini yake. Glasi nyingi zina kimo cha sm 10 hadi 15, umbali ule ule tunaouhitaji. Simu yako ikitaka zaidi, ongeza vitabu chini ya glasi.

Simu ikishakaa, isogeze karatasi. Kufuata mstari kwa kutembeza simu ni kazi ngumu hata kwa mkono imara, kwa kuwa kamera iko kwenye kona na jicho linadhani iko katikati. Ndiyo sababu wengi hupotea mstari kila wanapofika mwisho. Kama kamera inahangaika kutafuta fokasi kila karatasi inapojongea, bonyeza kwa muda juu ya maandishi kwenye skrini mpaka ifunge fokasi.

Simu yangu ina kamera ya makro, ile ya vitu vya karibu sana, ya megapikseli 2. Si ndiyo yenyewe?

Kwa jina. Nyingi za aina hiyo hazibadilishi fokasi, zimewekwa kwa umbali mmoja wa kama sm 4, na kwa sm 4 simu yenyewe inaziba mwanga. Itumie penye mwanga mkali wa pembeni. Kwa maandishi, kamera kuu mara nyingi huishinda.

Nikisogea karibu, picha inaruka upande na rangi zinabadilika kidogo. Ni nini?

Simu imebadilisha kamera bila kukuuliza. Simu kadhaa, zikiwemo iPhone za Pro tangu 13 Pro ya mwaka 2021, huhamia kamera ya pembe pana inayoweza kuona hadi sm 2. Ni nzuri kwa wadudu na nyuzi za kitambaa. Kwa kusoma inaudhi, hasa simu inaposita kati ya kamera mbili. Kwenye iPhone gusa alama ya ua inayotokea ili uizime, au rudi nyuma sm chache.

Kinyume chake pia hutokea. Ukibonyeza 3x au 5x kwa kitu kilicho karibu, mara nyingi kamera ya mbali haitumiki, maana nyingi za aina hiyo zinahitaji umbali mkubwa zaidi. Simu hukata kipande cha picha ya kamera kuu na kukuonyesha hicho.

Lenzi za kubana juu ya kamera zina maana? Nimeona pia watu wakiweka tone la maji.

Zina maana, na kabla ya kununua jaribu miwani ya kusomea. Weka lenzi moja ya miwani ya +3 mbele kabisa ya kamera. Hesabu ni rahisi: chukua umbali mfupi kabisa (sm) ambao simu yako inaweka fokasi, gawa 100 kwa umbali huo, ongeza namba ya miwani, kisha gawa 100 kwa jibu. Simu ya sm 20: 100 kwa 20 ni 5, jumlisha 3 ni 8, na 100 kwa 8 ni sm 12.5. Umesogea karibu, na kila kitu kimekua mara 1.6 bila kupoteza pikseli hata moja. Hii ndiyo dawa ya simu za gharama zisizotaka kusogelewa.

Lenzi ya kubana ya 10x huweka fokasi kwenye sm 2.5 hivi. Katikati panakuwa safi, kingo zinafifia, na kina kinachoonekana sawasawa ni kama milimita moja, kwa hiyo kitu kilale bapa. Inafaa kukagua risasi ya kuunganishia kwenye bodi ya redio kuliko kusoma aya.

Tone la maji hufanya kazi kweli, ila maji juu ya kamera ni kutafuta hasara. Ukitaka kujaribu, liweke kwenye kipande cha plastiki angavu.

Mama yangu hasomi vizuri hata herufi zikiwa kubwa. Nifanyeje?

Huenda ukubwa siyo shida, shida ni mng'ao na rangi kufanana. Mwekee kichujio cha herufi nyeupe au za njano juu ya weusi. Wengi wanaosumbuliwa na mwanga mkali hupumzika hapo hapo. Kichujio hicho kimo kwenye Magnifier. Kwa kurasa nzima, ni afadhali simu imsomee: Google Lens hutambua maandishi kwenye picha na kuyatamka, na Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft zimetengenezwa kwa wasioona vizuri. Kusoma vitabu kwa kamera kunachosha macho, shingo na betri kwa pamoja.

Ila kama uoni umebadilika ghafla, au anaona vimulimuli au pazia upande mmoja, weka simu chini umpeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Naweza kuona vijidudu?

Chawa ndiyo, ana mm 2 hadi 3. Bakteria hapana, wengi wana urefu wa sehemu chache tu kati ya elfu za milimita moja, na hiyo ni kazi ya hadubini. Unywele mmoja, wenye unene wa kama mm 0.07, kwa sm 10 unapata pikseli mbili tu. Kwa yai la chawa, lenye urefu wa karibu mm 0.8, tumia makro au lenzi ya kubana, mwanga wa pembeni, na utenganishe nywele kwa kitana. Yai huwa limegandamana upande mmoja wa unywele na haliteremki ukilivuta. Mba huteleza.