Msitu Bila Mvua Utauona Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Mvua za masika zimeingia Tanga na maswali yameingia nazo. Nimeyapunguza. Walioomba nipendekeze hoteli nimewaweka kando, mimi si dalali. Aliyeuliza kama Amani, msitu wetu wa mlimani nyuma ya Muheza, ni jina la mtu, amuulize mwalimu wake wa jiografia.

*Shikamoo mzee. Mimi na rafiki yangu tumepanga kupanda Amani Jumamosi, lakini utabiri unasema mvua. Tuahirishe? – Makorora*

Marahaba. Mwahirishe hadi lini? Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na si za masika peke yake. Mawingu yanatoka hapa baharini kwetu, yanakwenda kugonga milima ya Usambara Mashariki, yanatua mzigo palepale. Ukitaka siku kavu nenda Raskazone ukale mihogo. Huwezi kumpenda mvuvi ukamchukia kwa harufu ya samaki.

Na kwa kuwa umetaja Makorora, nitarudia ninalolisema kila masika hata mkichoka kulisikia. Maji yale ya mlimani hukusanywa na mto Zigi, Zigi hujaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiko kunakotoka maji ya bomba ya jiji la Tanga. Asubuhi ukifungua koki uoge, unaoga Amani. Kwa hiyo chupa ya soda utakayoitupa kijitoni Jumamosi usije ukadhani umeitupa mbali.

Yapo mawili ya kuwarudisha nyumbani, na manyunyu hayamo. La kwanza ni radi iliyo karibu. La pili ni kijito kilichofura. Mkikuta maji yamekuwa rangi ya matofali na yanabeba vijiti na majani, msivuke, hata kama hayajafika magotini. Hapo mlipo panaweza kuwa pakavu kumbe huko juu kunamwaga, na wimbi lenyewe liko njiani.

*Nivae viatu gani? – Wasomaji wanne tofauti*

Nililijibu mwaka jana. Nililijibu mwaka juzi. Kiatu chenye meno chini, ambacho mguu wako umeshakizoea. Raba mpya nyeupe ni za harusini, na yeboyebo ni za bafuni. Mkulima wa iliki utamkuta na gambuti, au pekupeku. Pekupeku mwachie mwenyewe, nyayo zake zimesoma kuliko zako. Suruali ya jinzi iache nyumbani, ikilowa utakuwa umebeba mzigo wa kuni. Weka fulana moja kavu chini kabisa ya begi na usiiguse mpaka mkishashuka. Sisi watu wa pwani baridi ya mlimani tunaidharau, halafu tunatetemeka kama kifaranga.

*Mzee, tunakwenda Manyara kwenye lile daraja la kamba linalopita juu ya miti. Mvua ikitukuta tukiwa juu, tutakuwa salama? Mwenzangu anaogopa kimo. – Chumbageni*

Hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu limenikuta.

Nilikwenda na swahiba wangu, fundi cherehani wa Ngamiani, mtu ambaye hata ngazi ya kubadilishia taa hapandi. Daraja lenyewe lina urefu wa mita 370 kwa jumla, vipande vinavyounganisha mti na mti, na palipo juu kabisa ni kama mita 18 kutoka ardhini. Kwa mtu wa kawaida ni mnazi mrefu. Kwa fundi ilikuwa mbingu ya tatu.

Tulianza na rasharasha. Ubao ukilowa unateleza, kwa hiyo unakanyaga katikati, magoti yamelegea kidogo, mikono yote miwili kwenye kamba, macho yako kwenye mti unaouendea. Ukitazama miguu yako ndipo daraja linapoanza kukuchezea. Na msitembee kwa hatua za pamoja kama gwaride, mtalirusha. Mwenye hofu amfuate mtembezaji karibu, mwenzake abaki nyuma kwa nafasi. Mtu anayetikisa daraja makusudi ili rafiki yake apige kelele naye acheke, huyo usimchukue safari nyingine. Hata ya sokoni.

Fundi alipona kwa ufundi wake. Badala ya kutazama chini alianza kukagua wavu wa pembeni, fundo kwa fundo, akinung'unika peke yake. Kufika mti wa tatu akaniambia, "Aliyefunga hizi alilipwa vizuri." Kuanzia hapo akatembea kama yuko barabara ya kumi na mbili.

Kisha ngurumo. Mtembezaji akatushusha wote bila mjadala, nami nikanuna, maana ndiyo kwanza tumefika pazuri. Alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu isipofika thelathini, wewe si mtu wa kuning'inia mtini kwenye nyaya za chuma. Na mkishashuka, msirudi juu mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Nusu saa hiyo tuliikaa garini, fundi akifurahi mno kwa maoni yangu.

Tuliporudi juu ndipo nilipopata nilichokifuata. Mvua imekatika lakini miti bado inanyesha. Majani mengi ya msituni yana ncha ndefu iliyochongoka, na ukiwa chini huelewi ni ya nini. Ukiwa usawa wake unaona: maji yanateremka katikati ya jani, yanakusanyika nchani, yanadondoka kwenye jani la chini yake, nalo linafanya vivyo hivyo, mpaka ardhini. Kima walikuwa wamejikunyata tawini, mikia imening'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Walitutazama kwa dharau.

Sasa sikilizeni nyongeza ambayo hamkuiuliza. Wengi wakitoka Manyara husema wameona msitu wa mvua. Hapana. Ule msitu unakunywa maji ya chini ya ardhi, chemchemi zinazotokea chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ndiyo maana uko kijani hata kukiwa kukavu. Msitu wa mvua ni ule ulioko huku kwetu, nyuma ya Muheza. Na hapa ndipo ninapowashangaa watu wa Tanga. Nawajua waliopanda ndege hadi Rwanda wakatembee juu ya daraja la miti la msitu wa Nyungwe, urefu wa mita 160, wakarudi na picha mia nne. Waulize Amani, ambayo ni kilomita thelathini na kitu kutoka Muheza. "Nasikia kuna baridi."

*Ramani ipo kwenye simu. Kwa nini nilipie mtembezaji? – Mjanja wa Mikanjuni*

Mjanja, simu yako itaonyesha doa la buluu katikati ya kijani kitupu, halafu mtandao utakata, halafu chaji. Mule ndani kuna njia za watu wa kuni, njia za wanyama, na njia za maji zinazofanana na njia za watu. Ukungu ukishuka humwoni mwenzako aliye hatua kumi mbele. Mtoto wa pale anajua kwa mlio wa maji yuko kijito gani.

Halafu utapishana na nini? Simu haimjui kinyonga. Utapita chini yake mara sita. Wataalamu wenyewe mwaka 2006 walipoanzisha jenasi mpya, yaani kundi la aina zenye undugu, kwa vinyonga wa milima yetu ya Afrika Mashariki, waliiita *Kinyongia*, wameazima kwa bibi yako. Mtembezaji atakuonyesha kwa ncha ya kijiti, ndipo utajiona ulivyo kipofu.

Na mwanakijiji anayelishwa na mti uliosimama ana sababu ya kumkamata mwenye msumeno usiku. Wewe unayekwepa malipo unampa sababu gani? Getini nako ulipe kwa kontroo namba, uchukue risiti. Atakayekuambia "tutaongea", mwambie umepoteza sauti.

*Simu niifunge kwenye rambo isilowe? – Duga*

Rambo zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Unaniandikia ushauri au unakiri kosa? Chukua kopo lenye mfuniko wa kukaza.

*Je, Amani kuna simba? – Mama wa watoto watatu, Pongwe*

Hakuna, dada yangu. Kuna siafu, na mvua ikijaza mashimo yao wanahama kwa msafara. Chomeka suruali ndani ya soksi. Usisimame kufunga kamba za viatu kabla hujatazama unasimama juu ya nini. Wakishakupanda, ondoka kwanza kwenye msafara wao, mbio, ndipo uanze kuwatoa mmoja mmoja; kuna watu husimama palepale wakijipangusa huku wengine wanaendelea kupanda. Watoto wako watavua nguo mbele ya wageni. Wasichekwe, kila mtu wa Amani imeshamkuta.

*Mwenzangu aling'oa kaua ka zambarau kwenye mwamba wenye unyevu, akakapanda kwenye kopo kibarazani. Kamenyauka. Tukatie mbolea gani? – Raskazone*

Umeandika "kaua". Ni kweli, kaua.

Ua hilo, kama ni lile ninalolidhani, lina historia na mji huu. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, aliliokota huku akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia, na Wajerumani mpaka leo wanaliita urujuani wa Usambara. Sasa limejaa madirishani dunia nzima, likizalishwa kwa vipandikizi vya majani katika mabanda. Hayo ya madirishani hayana shida. Yenye shida ni ndugu zao waliobaki porini, ambao baadhi ya aina zao ziko kwenye miamba michache tu, kwenye kivuli na unyevu. Ukikata mti wa juu, jua linaingia, ua linakufa bila kuguswa. Nanyi mmelipeleka Raskazone, kwenye jua na chumvi!

Mbolea hakuna. Mwenzako akitaka ua, akanunue kwa wauza miche. Na wewe uliyesimama ukimtazama anang'oa, swali langu kwako ni kwa nini hukusema kitu.

*Tubebe chakula gani? – Kange*

Mihogo ya kuchemsha, mayai, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Maganda ya mayai mrudi nayo.

*Gari la kurudi Muheza linaondoka saa ngapi? – Makorora tena*

Likijaa.